Anayepitisha Kasha Ndiye Anayepiga ya Kwanza

Mama yangu alikuwa hanunui nazi kwa macho. Tulikaa Muheza, na siku ya gulio wanawake wenzake walikuwa wakikimbilia nazi kubwa, nazi ya duara nzuri. Yeye anaokota moja, anaitikisa sikioni, anaiweka, anaokota nyingine. Nazi nzima ina maji, na maji yana sauti yake. Nazi iliyonyamaza huenda ni joya, ukiivunja ndani hamna cha kukuna, au nyama imeoza inanuka kama mafuta ya taa. Wauza nazi walikuwa hawampendi. Mmoja, Mzee Kombo, akimwona tu anaanza: "Mama Shabani, leo umekuja kununua nazi au kusikiliza taarabu?" Mama anamjibu, "Nikisikia kinanda ndani nitakupa bei unayotaka." Na bado anatikisa.

Siku moja tulikuwa na maulidi nyumbani, na katika nazi alizochagua, moja mbovu ikampita sikioni. Akaja kuijua wakati tui limeshaingia kwenye wali. Wageni wamekaa, harufu imeshawafikia. Shangazi akasema, "Tia ndimu, nani atajua?" Mama akainuka. Akabeba sufuria, akaenda kuimwaga nyuma ya banda, akarudi akaanza kuchambua mchele upya. Wageni walikula alasiri. Mimi nilikuwa mdogo na nina njaa, kwa hiyo kwa miaka mingi nililihesabu jambo lile kuwa ni ukatili.

Sasa kwa nini nimeanza na nazi? Ngojeni. Mimi nikisimulia napita njia ya mbuzi, lakini nyumbani nafika. Mmeniomba, nyinyi wawili mnaokaa sasa kwenye ile meza ya nyuma, niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Shule niliachia darasa la nne, msinitafutie nukta na mikato. Na habari za kupandishwa cheo hamtazikuta humu, maana vyeo vyenyewe vilikuwa viwili: kiti chenye mto na kiti kisicho na mto.

Nilipofika Johannesburg nililinda magari ya watu nje ya maduka, nikabeba magodoro, nikapaka rangi mageti. Nilikaa Berea, chumba kimoja kwenye ghorofa ambayo lifti yake ilikufa kabla sijafika. Watoto wangu wamezaliwa humo; nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kizulu, nikikasirika wananijibu Kiingereza. Basi mtu akaniambia kuna Kaburu mmoja Kensington, kwenye barabara kubwa, duka lake liko kati ya duka la mapazia na fundi wa matairi, anatafuta mtu wa kubeba makasha. Huyo ndiye Kobus. Mbele aliuza bunduki za kuwindia na makoti ya kijani. Nyuma uani kulikuwa na karakana ya mabati, na humo ndimo ilimofanyika kazi ambayo wateja hawakuiona.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya wake zenu, ambao bila shaka hamjawaambia. Majeshi yakibadilisha bunduki, au yakichoka kulinda maghala, huuza risasi zao za zamani kwa makasha. Watu wanaopiga shabaha siku za Jumamosi wanazipenda kwa kuwa ni za bei nafuu. Lakini risasi iliyolala ghalani umri wa mtu mzima huwezi kumpa mtu hivi hivi aiweke karibu na jicho lake. Lazima kwanza awepo wa kuiangalia moja moja na kusema hii nzima, hii mbovu. Leseni na karatasi zote zilikuwa za Kobus. Macho yalikuwa yetu.

Siku ya kwanza nilibeba makasha mpaka mchana. Kasha la risasi ni dogo kwa kuliangalia. Mgongo ndio unaokwambia lina nini. Kwenye meza alikaa mzee mmoja Mkongomani wa Bukavu, Mzee Byamungu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, taulo jeupe limetandikwa mbele yake na risasi zimelala juu yake kama dagaa walioanikwa. Alikuwa fundi wa silaha jeshini kwao kabla hajakimbia. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Akaniita.

"Weye unatoka wapi?"

"Tanga, mzee. Muheza."

"Bon. Kamata hii. Niambie iko muzuri ao iko mubaya."

Nikaishika. Nikaigeuza huku na huku. Sikujua naangalia nini, na mkono wangu ukafanya ulichozoea kukiona: ukaipeleka risasi sikioni, ukaitikisa.

Mzee akavua miwani. Akanitazama. Kisha akacheka kicheko kilichomtoa Kobus huko mbele kuja kuuliza kuna nini. "Anasikiliza kama iko maji mu ndani!" Akajifuta machozi kwa pembe ya taulo. "Mutoto ya Tanga, hii haiko nazi. Ukiitikisa haikuambie kitu. Ingine baruti imejaa mupaka juu, haisikike, na iko muzima. Ingine imeoza na inacheza muzuri kabisa." Toka siku ile nikawa Mnazi. Hata fundi wa matairi aliniita hivyo na hakuwa anajua maana yake.

Lakini kesho yake alimwambia Kobus anipe kiti. Kisicho na mto. Nilimwuliza kwa nini mimi, na wako waliokuwepo kabla yangu. Akasema, "Bale bengine niliwapa hii risasi, bote banaangalia mara moja, banasema iko muzuri. Weye hukujua, ukajaribu kusikiliza. Mutu wa kusikiliza ninaweza kumufundisha."

Huyo ndiye mtu ninayetaka kuwaeleza. Yuko hai. Binti yake ananiambia yuko kwao, anakaa kwa dada yake, na nikipiga simu mzee anamwambia dada yake, mwambie nimelala.

Alinifundisha kuanzia kitakoni. Watu wote huanza na kichwa cha risasi kwa sababu kichwa ndicho kinachong'aa. Yeye alisema kitako kina maandishi ya kiwanda na mwaka, na ukishazijua koo unajua na maradhi ya kila ukoo. Halafu fataki, kile kiduara cha katikati kinachopigwa na sindano ya bunduki: kama imetokeza nje, au ina ukijani pembeni, weka kando. Halafu ubavu. Kutu ya kijani ukiifuta kwa kitambaa ikatoka ikaacha shaba laini, huo ulikuwa uchafu. Ikiacha kijishimo, imeshakula. Halafu shingo. Halafu kichwa chenyewe, kama kimezama ndani kuliko wenzake, usikivute wala usikisukume, weka kando. Na ukiona risasi ya zamani inang'aa kama kijiko cha harusi, ogopa zaidi. Shaba iliyozeeka haina sababu ya kung'aa. Kuna mtu ameisugua, na mtu hasugui bila jambo.

Nyufa ndizo zilizokuwa somo lake kubwa. Ufa mwembamba kama unywele, unaouona ukigeuza risasi polepole chini ya taa, usiouona ukiigeuza haraka. "Ufa ya mu shingo iko mafua," alikuwa akisema. "Ufa karibu na kitako iko kilio." Kwa sababu ya kitakoni ikipasuka, moto haufuati mtutu, unarudi kwa mwenye bunduki.

Na akanifundisha kunusa mbao kabla ya kufungua kasha. Nilidhani ananitania kulipiza ile ya nazi. Kumbe shaba na mkojo haviishi nyumba moja. Ukiweka risasi kwenye zizi la farasi, au karibu na samadi ya kuku, ile harufu kali inayochoma pua ndiyo inayoipasua shaba taratibu, mwaka baada ya mwaka, hata kama kasha halikuguswa na tone la mvua. Mpaka leo nikipita dukani penye mbolea mkono unakwenda puani wenyewe.

Zile za bunduki ya zamani ya Mwingereza, tukifungua moja kwa kuikagua, baruti yake imekaa kama tambi. Mwezi wa Ramadhani Mzee Byamungu alikuwa akizinyanyua kwa kibanio na kunionyesha: "Mnazi, futari iko tayari." Mwambieni pia mteja, hili watu husahau, kwamba fataki nyingi za kijeshi za zamani zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Asafishe kwa maji ya moto siku ile ile, kisha akaushe, kisha mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Wapo waliolia mbele ya kaunta kwa bunduki ya babu iliyoota kutu kwa uvivu wa birika moja.

Sasa ile sheria. Sheria ya meza yetu ilikuwa moja na haikuandikwa popote: anayepitisha kasha ndiye anayepiga ya kwanza. Ukishasema kasha ni zima, unachukua chache kutoka juu, katikati na chini, mnakwenda uwanjani, na wewe uliyesema ndiye unayelala nyuma ya bunduki. Siyo mwenzako, siyo Kobus. Siku hizi mna kibano cha chuma na kamba ndefu ya kuvutia mkiwa mmejificha nyuma ya ukuta. Hivyo ndivyo sawa, na msiache. Sisi tulikuwa wajinga wenye heshima.

Sheria aliileta mzee kutoka kwao. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunakula. Jeshini kulikuwa na wakubwa waliopitisha makasha wamekaa kwenye viti, na siku moja bunduki ikamlipukia askari mmoja usoni. Ulipofanywa uchunguzi wa nani alizipitisha, kila mtu alimwonyesha mwenzake. Nikamwuliza, na yule askari? Akafunika chakula chake, akasema turudi kazini.

Uwanja wetu ulikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, mashariki ya mji, nyuma ya yale matuta ya njano ya mchanga wa migodi. Mwezi wa nane upepo ukivuma unakula mchanga huo bila kukaribishwa. Mara yangu ya kwanza kupiga kasha nililolipitisha mwenyewe, nilivuta kifyatulio, nikasikia tik, basi. Kimya. Nikanyoosha mkono nifungue komeo la bunduki nione kuna nini. Kiganja cha mzee kikatua juu ya mkono wangu kikaugandamiza.

"Tulia."

"Haikulia, mzee."

"Inafikiri. Acha ifikiri."

Mara ikalipuka. Mtutu ulikuwa bado unatazama ukuta wa mawe, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Ningekuwa nimefungua, nisingekuwa naandika haya. Nikamwambia nimekosa, nimepitisha mbovu. Akasema, "Hapana. Ile macho haione. Njo maana tunapiga." Tukalikataa kasha zima, na njia nzima kurudi Kensington aliniimbia nyimbo za kanisani, mimi Mwislamu, nikawa naitikia viitikio.

Tulikaa hivyo miaka mingi. Sitaihesabu.

Sukari ilimla kwa kumbembeleza. Alikuwa mtu wa chai tamu, kijiko kinasimama. Kliniki wakamwambia aache, akaacha kwa wiki, akasema chai isiyo na sukari ni dawa na yeye dawa tayari anazo. Kwanza aliilaumu taa. "Taa hii imechoka." Nikabadilisha. Halafu akasema patroni, yaani Kobus, ananunua taa za bei rahisi. Halafu ile lenzi ya kukuzia ikawa chafu kila siku. Halafu tukaisogeza meza mlangoni kwenye jua, akasema hapa kuna upepo lakini angalau Mungu halipi umeme.

Baadaye akaanza kutumia ukucha. Anaipitisha risasi chini ya kucha ya kidole gumba, kutoka kitakoni mpaka shingoni, macho yanatazama nje barabarani. Ufa unakwaruza ukucha, kweli. Mimi nikaona huu ni ufundi wa juu, siku moja na mimi nitafika. Mpaka asubuhi moja alikuwa ananisimulia habari ya mchungaji wao, ameegemeza mkono, na vidole vyake viko kwenye ubavu wa birika la umeme linalochemka. Anaendelea tu kusimulia. Nilisikia harufu kabla yeye hajasikia moto.

Nikamwondoa mkono. Akavitazama vile vidole kama ni vya mtu mwingine. "Eish," akasema, neno la huku ambalo kwa kawaida alikuwa hapendi tulitumie. Akaenda kuvitia maji. Alasiri akapitisha kasha kwa ukucha.

Binti yake, Furaha, alikuwa msusi pale pale Berea, saluni ya chini ya ghorofa. Akanishika njiani nikitoka dukani.

"Mjomba Shabani, Baba alivaa kiatu kuko jiwe ndani. Siku muzima. Damu imejaa mu soksi, hajue."

"Ameona daktari?"

"Anasema ameona. Mi sijue ameona na nini, macho yenyewe hana. Umwambie aache ile kazi."

"Mimi nimwambie?"

"Kama angekuwa ananisikia mi, ningekuja kwako?"

Nilimwahidi nitatafuta maneno. Niliyatafuta mwaka mzima. Nyinyi mmezaliwa zama nyingine, mnamwambia mtu mzima "mzee, hapo umekosea" na mnaendelea kutafuna. Mimi mtu aliyenipa kiti, aliyenizuilia mkono nisife, namwendeaje kumwambia macho yako yamekwisha? Na akiacha ile meza anakwenda wapi? Hakuna kazi nyingine duniani inayotaka alichokijua.

Basi nikawa nafanya hivi. Akitoka kwenda chooni, navuta trei ya alizozipitisha, naziangalia upya chini ya taa, haraka haraka. Mara nyingi zilikuwa nzima. Mara nyingine naikuta moja yenye ufa shingoni, naitia kwenye sanduku la mbovu, nafunika. Akirudi nimekaa mahali pangu naangalia zangu. Hatukuwahi kusema neno. Lakini nadhani alijua, maana alianza kukaa chooni muda mrefu kuliko haja ya mtu yeyote. Akitaka kurudi anakohoa tokea mbali.

Tungeweza kuendelea hivyo, naona. Ila wiki ina Ijumaa.

Ijumaa hiyo nilikwenda msikitini kama kawaida yangu. Nikiwa huko likaletwa kasha kutoka shamba fulani, mwenyewe amefariki, warithi wanauza. Risasi za ile bunduki ya zamani ya Mwingereza. Kulikuwa na wateja wawili wanaolitaka sana, wanataka kuona likipigwa mchana ule ule. Haya niliambiwa na Kobus mwenyewe baadaye, na aliniambia akiangalia viatu vyake. Mzee alisema tumngoje Mnazi arudi. Kobus, kwa haraka yake, akamwuliza kwa utani, "Kwani fundi ni wewe au ni yeye?"

Mzee akaketi, akalipitisha kasha.

Nilipofika bakki, ile pikapu ya Kobus, lilikuwa linanguruma getini. Mzee yuko mbele, sanduku dogo la mfano liko mapajani. Nikaruka nyuma, nikakaa juu ya kasha. Tulipofika roboti ya kwanza, zile taa za barabarani, nikaanza kusikia harufu. Nikadhani ni bakki, kwa sababu Kobus alikuwa akilibebea mbolea ya bustani ya mkewe. Tulipoongeza mwendo harufu ilipaswa kupeperuka, haikupeperuka. Nikainama, nikaweka pua kwenye mbao.

Kuku. Ilinichoma mpaka machozi; kwa haraka ile ya Kobus mzee hakuwa amenusa mbao.

Nikafungua, nikatoa moja, nikaigeuza kwenye jua. Ufa, mwembamba, umeanzia karibu na kitako. Nyingine, hivyo hivyo. Nyingine nzima. Nyingine ufa. Nikagonga kwa ngumi kioo kilichonitenga na waliokaa mbele. Kobus akanitazama kwenye kioo chake, akanyanyua kidole gumba, sharp, yaani safi. Alidhani namwambia kasha limekaa vizuri. Nikagonga tena. Mzee hakugeuka. Barabara ya machimboni ilikuwa mbovu na mimi nilikuwa nimeshikilia kasha kwa mikono na miguu.

Tulipofika, wale wateja walikuwa wameshaketi kwenye viti vyao vya kukunja. Mzee akateremka, akaenda moja kwa moja mezani kwa kupapasa pembe ya bakki, akatandika taulo, akajitundika shingoni vile vikombe vya kuziba kelele tulivyoviita masikio, akapokea bunduki. Nikamfuata mbio.

"Mzee, leo upepo mkali."

"Upepo itasukuma mulima? Vaa masikio."

"Tunywe chai kwanza."

"Mnazi, batu banangoja."

Nikamsogelea, nikamsemesha polepole kwa lugha yetu, ambayo pale hapakuwa na mwingine wa kuielewa. "Mzee, kasha linanuka kuku."

Akaunyoosha ukingo wa taulo. "Nimelipitisha."

"Najua."

"Sasa? Anayepitisha njo anayepiga. Ao sheria ulisahau?" Akachukua moja kwenye taulo, akaitafuta njia ya kuingilia kwa vidole, akaikosa, akaitafuta tena. Nikamkamata kiwiko. Akajivuta. "Uniache."

"Siwezi, mzee."

"Mi ninasema uniache!"

Kobus akasikia ile sauti. "Shabani! Unafanya nini wewe? Kuna nini hapo?"

Sasa hapo ndipo nilipokaa mpaka leo. Ningemjibu Kobus kwamba hakuna kitu, mzee angepiga. Ningeendelea kubembeleza kwa Kiswahili, angepiga, maana uso wake ulishafunga. Wale wateja walikuwa wamesimama. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kila mtu asikie: "Zina nyufa. Kitakoni. Asipige."

Mzee Byamungu akaweka bunduki mezani.

"Wapi?"

Nikamwekea ile risasi kwenye kiganja. Akainyanyua juani, akaigeuza polepole, jinsi alivyonifundisha. Akapitisha ukucha. Akaigeuza tena.

"Wapi, Shabani?"

Nikachukua kidole chake nikakiweka. "Hapa."

Akakaa na kidole pale. "Nipe ingine."

Nikampa nyingine, nikamwonyesha. Akaokota ya tatu mwenyewe. "Na hii?"

"Hiyo nzima, mzee."

Akashika yenye ufa mkono mmoja na nzima mkono mwingine, akazipandisha na kuzishusha. Nyuma yetu Kobus alikuwa akiwaambia wateja waje waone kitu kwenye bakki, kitu ambacho hakikuwepo.

"Na zile za mwezi iliyopita?" mzee akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa naziangalia tena."

"Zote?"

"Zote, mzee."

Akatikisa kichwa. "Nilijua. Leo hukukuwa."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo," akasema. "Ijumaa."

Akafungua komeo, akatazama chumba cha bunduki, kisha akaniambia nitazame na mimi nihakikishe hakuna kitu. Nikatazama, hakuna kitu. Akailaza, komeo wazi, mdomo ukielekea ukuta wa mawe. Akavua masikio, akayaweka sambamba na bunduki. Zile risasi akazipanga kwenye taulo, nzima na mbovu pamoja, akazinyoosha zikawa mstari mmoja mzuri. Akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefunguka shingoni. Akapita mbele yangu, akapita bakki, akatoka getini, akashika ile njia ya vumbi inayokwenda barabarani kwenye teksi. Alikuwa akinyanyua miguu juu kuliko inavyohitajika, kama mtu anayepanda ngazi.

Kobus akaja akasimama kando yangu. "Anakwenda wapi?"

"Haja ndogo," nikasema. "Anarudi."

Wale wateja wakakunja viti vyao, wakaondoka. Kobus akatoa chupa yake ya chai, akammiminia mzee kwenye kifuniko, akaiweka juu ya boneti. Ikapoa. Akaimwaga, akammiminia nyingine. Vumbi la njiani likatua na hapakuwa na mtu tena. Mzee Byamungu hakurudi, pale wala mezani, wala siku yoyote katika zote nilizobaki kazini.